Spidi ya maneno sio ishu, ishu ni nani anaanza kuongea

Kila ikitoka video mpya ya mtu aliyewekewa chipu kwenye ubongo, anacheza gemu au anaandika kwenye kompyuta bila kugusa kitu, simu yangu inajaa. Wananitumia ndugu, wananitumia wateja, hadi jamaa wa bodaboda wa pale Ngamiani ambaye siku zote hanitumii kitu zaidi ya mikeka ya kubeti. Wote wana nia njema, wanamfikiria mjomba wangu aliyepooza, na swali lao ni lilelile, "vipi, huku kwetu itafika lini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwaiyo leo naandika yote kwa pamoja, na naandika kama mtu aliyekaa na mgonjwa wa aina hiyo nyumbani hapahapa Tanga, sio kama daktari, mi ni fundi simu tu.

Mjomba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kastaafu, mtu wa baraza, jioni kahawa na kashata na ubishi wa timu yake ya mpira, Coastal Union, ukimgusa tu anakurudisha ule ubingwa wa 1988 kama vile ulichukuliwa juzi Mkwakwani. Kiharusi kilimkuta alfajiri anatawadha. Sasa kuna kiharusi kile wengi tunachokijua, mkono na mguu wa upande mmoja vinalegea na mdomo unapinda, afu kuna hiki chake kilichopiga shina la ubongo, kule chini ambako amri zote za kwenda mwilini lazima zipite. Mwili wote ukazima, sauti ikaondoka, kumeza ikawa shida mpaka kuwekewa mpira wa puani, lakini akili iko palepale, anasikia, anaelewa, anakumbuka mpaka madeni ya watu. Kilichobaki kinafanya kazi ni macho, tena kwa kwenda juu na chini tu, kushoto na kulia hayaendi. Siku za mwanzo wodini watu walikuwa wanaongea juu ya kitanda chake kama vile hayupo, wanajadili mpaka nani atakaa na nyumba. Dada mmoja wa fizio ndo akamwinamia akamwambia, "mwalimu, shikamoo, kama unanisikia angalia juu." Akaangalia juu. Akamwambia fumba macho mara mbili, akafumba mara mbili. Wale waliokuwa wanagawa nyumba wakatoka nje wote kwenda kupokea simu.

Kwaiyo mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia anzia hapo, ndiyo na hapana. Kwetu kuangalia juu ni ndiyo, kufumba macho kwa muda ni hapana, na kila anayeingia anaambiwa mlangoni kabla hajakaa. Kuna wageni walikuwa wanakuja na utaratibu wao, huyu anasema pepesa mara moja, yule anasema nibane mkono, mzee anachanganyikiwa na wao wanaondoka wanasema maskini hajitambui. Ikabidi tubandike karatasi ukutani juu ya kitanda, kalamu nene, herufi kubwa.

Haya sasa, hizo chipu. Mtaani wanasema zinasoma mawazo, jirani yetu mmoja aliniuliza kabisa kama mtu akiwekewa wanaweza kujua na namba ya siri ya M-Pesa. Inavyofanya kazi ni hivi, mtu akipooza kwa shingo kuvunjika au kwa kiharusi cha aina ya mjomba, ile sehemu ya ubongo inayotoa amri ya mkono mara nyingi nzima kabisa, kilichoharibika ni njia. Akijaribu kunyanyua mkono zile seli zinatoa cheche zake za umeme kama kawaida, amri inashuka, inafika pale pabovu, inaishia hapo. Wataalamu wanachofanya ni kwenda kusikiliza cheche palepale zinapoanzia. Kifaa kilichotumika miaka mingi Marekani ni kipande cha mraba cha milimita 4 kwa 4 chenye sindano ndogondogo 96, kinawekwa juu ya ubongo ncha zikizama kidogo. Kompyuta inajifunza kwamba cheche zikija namna hii huyu bwana anajaribu kupeleka mkono kulia, zikija namna ile anajaribu kushoto, basi mshale kwenye skrini unasogea. Ndo maana wanamwambia mgonjwa ajaribu kweli kusogeza, sio kuwaza tu.

Na sio kitu cha juzi. Watu wanadhani kimeanza na Elon Musk, kumbe mtu wa kwanza kwenye majaribio ya chipu za ubongo ya Marekani yanayoitwa BrainGate, Matt Nagle, kijana aliyechomwa kisu shingoni 2001, aliwekewa 2004. Akawa anafungua barua pepe na kubadilisha chaneli za tivii kwa kujaribu kusogeza mkono usiosogea. Huyo wa Neuralink, kampuni ya Musk, anayezunguka kwenye video, Noland Arbaugh, aliyeumia kwenye maji 2016, kawekewa Januari 2024, chipu yake ina elektrodi 1,024, yani vidude vya kunasa zile cheche, kwenye nyuzi nyembamba 64, na wiki chache baadae nyuzi nyingi zikachomoka kidogo kwenye ubongo, ikabidi warekebishe programu ndo akaendelea. Hiyo sehemu wanaonitumia video huwa hawaifiki. Kuna na kampuni nyingine, Synchron, hao hawafungui fuvu kabisa, wanapitisha kifaa kwenye mshipa wa damu kuanzia shingoni mpaka kinakaa jirani na ubongo, na Desemba 2021 mgonjwa wao mmoja wa Australia, Philip O'Keefe, akatuma ujumbe Twitter kwa njia hiyo.

Haya yote nilimsomea mjomba jioni baada ya kufunga ofisi. Aliyemgusa ni mama mmoja, Cathy Hutchinson, kwa sababu ugonjwa ni uleule wake, shina la ubongo. 2012 ilitangazwa kwamba amenyanyua chupa ya kahawa kwa mkono wa roboti anaouendesha na ubongo, akanywa kwa mrija, na ilikuwa karibu miaka 15 hajawahi kujinywesha mwenyewe. Nikamaliza kusoma nikasubiri aseme kitu kizito. Akaandika KAHAWA GANI.

Nimesema akaandika, ngoja nieleze, maana hapa ndo pana kazi. Kabla ya simu tulikuwa na kadi ya herufi, boksi la shati nimelikata. Unasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akiangalia juu unasimama, unaanza kutaja herufi za mstari ule moja moja, akiangalia juu tena unaiandika kwenye daftari. Ni kazi ya subira, mkono unachoka, na mtu asiyejua kusoma hawezi kusaidia. Kadi nyingi zimepangwa A B C D, na nyingine za Kizungu zinaanza na E kwa sababu kwao ndo inatumika sana. Sentensi ya kwanza ndefu mjomba kuimaliza haikuwa ya kushukuru mtu wala kuaga, ilikuwa PANGA IRABU KWANZA. Mwalimu ni mwalimu tu. Kiswahili A iko kila mahali, ukianza na mstari wa A I U E O umeokoa nusu ya safari, Q na X unazitupa, C haikai peke yake unaweka CH, na ukishapata konsonanti usirudi tena juu ya kadi, nenda moja kwa moja kwenye irabu maana karibu kila mara inayofuata ni irabu. Mwisho alitufanya tuchore chati ya silabi ileile ya darasa la kwanza, ba be bi bo bu, na NG, NY, MB, SH kila moja na boksi lake. Tukaenda haraka zaidi kuliko kadi yoyote niliyoikuta mtandaoni.

Shida ikawa sisi. Watu hawawezi kusubiri, wanakisia. Kiswahili kitendo kinaanza na ku, kwaiyo akifika NATAKA KU chumba kizima kinalipuka, kulala! kukaa! kugeuzwa! Siku moja karibu na Idi kaandika NATAKA KUNY, hajapata hata irabu, mimi nimeshakimbilia kikombe cha maji, mkaza mjomba kashaleta beseni, binti yake anafunga dirisha watu wa nje wasione. Mzee kafumba macho, kafumba, kafumba, hapana hapana hapana, tukadhani amezidiwa. Tuliporudi kwenye kadi tukaimalizia, ilikuwa KUNYOLEWA. Alitaka ndevu zipunguzwe kwa ajili ya Idi. Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba, hakuna kukisia kwa sauti mpaka umuulize "mwalimu, nikisie?" naye aangalie juu.

Naileta hii habari ya kukisia kwa makusudi, kwa sababu hata zile mashine kubwa nusu ya ujanja wao ni kukisia. 2021 watu wa chuo cha Stanford cha Marekani walitangaza jamaa aliyepooza anayejaribu kuandika kwa mkono, yani anavuta picha ameshika kalamu, kompyuta inatambua kila herufi, akafika herufi 90 kwa dakika, ambayo ni karibu na spidi ya mtu wa umri wake anayechati kwenye simu. Usahihi wa kifaa chenyewe ulikuwa kama asilimia 94, ikipita programu ya kusahihisha inavuka 99. Sasa ile programu inajua Kiingereza. 2023 wakaja na za kusema, Stanford maneno 62 kwa dakika, chuo cha San Francisco kwa mama anaitwa Ann, naye kiharusi cha shina la ubongo, maneno 78. Hizo zinakamata sauti anazojaribu kutamka afu programu ya lugha inachagua neno linaloelekea kuwa lenyewe, na ile ya Stanford kwenye msamiati wa maneno 125,000 ilikuwa inakosea karibu neno moja kwenye kila manne. Uzichukue zilivyo uzilete Tanga, umpe mtu anayetaka kusema "hatukukubaliana", neno moja tu limebeba sentensi nzima, itamletea beseni kama mkaza mjomba. Sisemi haiwezekani, 2024 watu wa San Francisco walionyesha mgonjwa mmoja anayeongea Kihispania na Kiingereza na mashine inatofautisha lugha, kwaiyo njia ipo. Ila lazima mtu akae aifundishe Kiswahili, na mi naona irabu tano na silabi zetu zilizonyooka zingemrahisishia kazi huyo mtu.

Lakini spidi hata sio jambo lenyewe. Mimi nilikuwa nazisoma hizi namba kama matokeo ya mpira, 62, 78, mpaka mjomba akanikatisha kwa kadi. Aliandika MNANIULIZA NYIE. Nikamuuliza una maana gani, ikachukua muda mrefu kumaliza, na nikiiweka sawa alichosema ni kwamba hata tungekuwa na haraka kiasi gani, yeye hawezi kuanza mazungumzo. Anasubiri mtu aje na kadi. Usiku kuna sisimizi walimpanda sikioni akakaa nao mpaka adhana ya alfajiri kwa sababu hakuna aliyekuja kumuuliza kitu. Na mchana watu wanamuuliza maswali yao wao, una njaa, unasikia baridi, hakuna anayemuuliza Coastal wamecheza vipi au ile kesi ya mpaka wa shamba imeishia wapi. Mtu aliyesimamia darasa maisha yake yote, leo anasubiri kuitwa ndo aseme.

Baada ya hapo nikarudia kusoma habari zilezile kwa jicho lingine. Arbaugh alichokisifia sana sio spidi, ni kwamba aliweza kucheza gemu lake usiku kucha mpaka alfajiri bila kumuamsha mtu. Afu upande wa pili ukiangalia, vile vifaa vya chuo vyenye waya vina soketi inayotokea juu ya fuvu, kuna mtu lazima aje achomeke waya, awashe kompyuta, wapimane kidogo ndo kazi ianze. Hata Casey Harrell, yule mgonjwa wa California ambaye mashine yake 2024 ilitangazwa inapata asilimia 97 ya maneno, na kapewa sauti inayofanana na yake ya zamani, anahitaji mtu wa kumuunganisha. Kwaiyo kuna mtu ana maneno mengi kwa dakika lakini kuanza bado anaanzishiwa, na kuna mtu ana neno moja kwa dakika lakini ni lake na analianza saa anayotaka. Mjomba alichagua hilo la pili bila hata kufikiria.

Bahati nzuri kwa mazoezi ya yule dada wa fizio kidole gumba cha kulia kikarudisha uhai kidogo, kusogea tu, hakina nguvu ya kubonyeza hata rimoti. Hapo sasa tukaingia kwenye fani yangu. Nilichukua kile kibonyezo cha selfi cha blututhi, vinauzwa elfu chache tu, nikakifungua, nikachomelea nyaya mbili kwenye swichi ndogo niliyoitoa kwenye kipanya kibovu cha kompyuta, ile inayolia tik, ni laini sana hata mtoto mchanga anaibonyeza. Nikaifunga na bandeji pembeni ya kidole. Kwenye mipangilio ya simu za Android kuna sehemu ya watu wenye ulemavu, humo kuna huduma ya kutumia simu kwa swichi, ukiiwasha fremu inapita yenyewe kwenye skrini mstari kwa mstari, ikifika unapotaka unabonyeza mara moja, inaingia ndani ya mstari, unabonyeza tena. Ni kadi ya boksi la shati ileile ila hakuna wa kukushikia. Kibonyezo cha selfi kina tabia ya kulala kisipoguswa, hilo kwa mtu wa kawaida sio tatizo ila kwa mjomba ni mlango umefungwa kwa nje, kwaiyo baadae nikatumia bodi ya ndani ya kibodi mbovu ya USB na waya wa OTG, ule wa kuchomeka vitu vya USB kwenye simu, hiyo hailali. Chaji ikawa kesi nyingine, tukaimaliza. Stephen Hawking ambaye kila mtu anadhani alikuwa na chipu, hakuwa nayo, alikuwa na kisoma msuli cha shavu kwenye miwani, na kanuni ni hiihii ya swichi moja.

Spidi yake ni mbaya, ukibahatika maneno mawili kwa dakika. Ila kitu cha kwanza alichofanya bila kuambiwa na mtu ni kumpigia simu mkaza mjomba aliyekuwa jikoni hatua chache tu kutoka kitandani, akapokea, hakusikia mtu, akaja mbio amekasirika kumbe mume wake ndo mpigaji. Alikaa chini palepale sakafuni akacheka mpaka machozi.

Nilimuuliza kama ingekuja nafasi ya kuwekewa chipu angekubali. Hizi kwa sehemu kubwa bado ni majaribio na wanaochukuliwa ni watu walio karibu na vituo vya utafiti kule kwao, ila nilitaka kujua. Alijibu kwa swichi, sio siku moja, kipande leo kipande kesho. Kwamba angekubali, ila wakiondoka nani atatengeneza. Mimi kama fundi hilo swali nalielewa sana, ni swali la spea. Kuna kampuni ya Marekani, Second Sight, iliweka vifaa vya kuonea kwenye macho ya vipofu zaidi ya 300, pesa ikakata, ikaacha kuvihudumia, watu wakabaki na kifaa ndani ya mwili ambacho hakina wa kukirekebisha. Swichi ya kipanya ikifa naweka nyingine kabla chai haijapoa. Na kuhusu kusomwa mawazo, 2025 Stanford walionyesha kwamba hata maneno mtu anayoyasema kimoyomoyo mashine inaweza kuyakamata kwa kiasi fulani, kwaiyo wakaweka neno la siri, mpaka mgonjwa alifikirie ndo mashine inaanza kusikiliza. Nilimwambia mjomba, akasema hiyo hata kwa wageni wake ingefaa.

Jambo moja ambalo nisingelijua bila ya hizi habari. Ile sauti ambayo mashine ya Ann inaongea nayo ilitengenezwa kutoka kwenye video ya harusi yake. Nikaenda kwenye simu ya zamani ya mjomba nikatoa voisi zake zote za WhatsApp nikazihifadhi sehemu tatu tofauti, mtu ukiwa na mgonjwa wa namna hii au mwenye ule ugonjwa wa misuli kuisha nguvu polepole, hifadhi sauti yake mapema, haigharimu kitu. Za mjomba zote ni matusi ya heshima kwa mashabiki wa wapinzani wao African Sports lakini sauti ni sauti.

Saivi malalamiko yamegeuka. Mzee halali vizuri, kwaiyo saa nane usiku ndo wakati wake wa kuandika, grupu la familia linaamka kukuta ujumbe, nani kaacha bomba la uani wazi nalisikia tangu saa sita, nani kamwambia fundi aweke dirisha lile, ile hati ya shamba isomwe upya ukurasa wa pili. Mashangazi wawili wameshazima sauti ya grupu. Binti yake alikuja dukani wiki hii ananiomba kwa siri niiseti simu ya baba yake ijizime saa nne usiku. Nikamwambia hiyo simu ina mwenyewe, aliandike ombi lake kwenye grupu mwenyewe amjibu. Mpaka leo hajaandika.